Njia ya nyongo imebanwa na kovu la nyuma ya tumbo: nianze prednisoloni?

Tabibu, Makete
Habari wakuu. Mgonjwa mwanaume, miaka 58. Macho ya njano wiki tatu, mkojo kama chai ya rangi, choo kama majivu, anawashwa mwili mzima, hana homa. Ultrasaundi: njia kuu ya nyongo milimita 14, hakuna jiwe. Siti skani aliyopigwa Mbeya inaonyesha kovu nene limezunguka mshipa mkuu wa damu na kupanda hadi kichwa cha kongosho. Ndugu wanataka aanze prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, leo. Nianze?

Daktari wa upasuaji, Mbeya
Usianze, mkuu. Tazama figo kwanza. Kovu hili kwa kawaida hubana mirija ya mkojo. Kubana nyongo ni nadra. Asikudanganye kwa kukojoa vizuri, figo moja inaweza kuwa inakufa kimyakimya huku nyingine inafanya kazi.

Halafu, saratani ya kongosho, limfoma (saratani ya matezi) na TB ya matezi ya tumboni huleta picha hiyohiyo. Prednisoloni huisinyaza limfoma kwa siku chache, na kinyama cha kupima maabara utakachokata baadaye hakitakuambia kitu. Kinyama kikatwe kabla ya dawa: kimoja kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama, kingine bila formalini kwa ajili ya TB. IgG4 ya damu (kingamwili inayopanda katika aina moja ya kovu hili) ikiwa juu inasaidia tu, saratani nayo huweza kuipandisha.

Na INR, kipimo cha kuganda kwa damu? Nyongo isipofika kwenye utumbo, vitamini K haifyonzwi.

Tabibu, Makete
INR 1.9. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, 212, figo ya kushoto imejaa mkojo. Akipata homa njiani je?

Daktari wa upasuaji, Mbeya
Mpe vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, polepole, upime tena kesho. Apewe rufaa sasa, figo hiyo haisubiri. Homa na kutetemeka kwa mtu mwenye manjano ni maambukizi ya njia ya nyongo: chukua damu ya kuotesha, anza antibiotiki za seftriaksoni na metronidazoli papo hapo, nyongo itolewe haraka, kwa endoskopi au kwa kupitia ngozi na ini. Kibomba cha kuipitisha nyongo kiwe cha plastiki, kibadilishwe kila miezi 3 kwa sababu huziba kwa tope la nyongo. Cha chuma kisichofunikwa wasiweke kabla ya majibu ya kinyama. Tishu hukimeza, hakitoki tena.

Mfamasia, Iringa
Majibu yakiondoa saratani na TB, dozi ya prednisoloni ni miligramu 0.6 kwa kilo. Mwenye kilo 65 ni vidonge 8 vya miligramu 5, asubuhi baada ya kula, wiki 2 hadi 4, kisha punguza kidonge kimoja kila wiki 1 au 2. Kabla yake pima VVU, homa ya ini B na sukari, na mpe ivermektini, dawa ya minyoo, kwa ajili ya strongiloidi, minyoo wanaoingia kupitia ngozi ya miguu; mkulima anayelima peku anaweza kuwa nayo miaka bila dalili, na prednisoloni huiachia isambae mwilini. Akiwa kwenye rifampisini, dawa ya TB, prednisoloni hupungua nguvu sana. Mpe akiba ya wiki mbili za ziada, masika barabara zikikatika asije akaacha vidonge ghafla.