Singin' in the Rain ilimdhulumu Betty Noyes na bado tunaipigia makofi

Wakuu, nina dukuduku na leo nalitoa. Kila ukifunguliwa uzi wa muvi tamu za mapenzi na vichekesho za Hollywood ya zamani, Singin' in the Rain ya 1952 lazima itajwe. Naipenda sana, na ndiyo maana inaniuma.

Kwa ambao hamjaiona: ni mwaka 1927, filamu bubu zinaanza kusema. Lina Lamont ni staa mkubwa, uso wa kuvutia, ila akifungua mdomo sauti inakwaruza masikio. Studio inamchukua binti asiyejulikana, Kathy Selden, aongee na kuimba kwa niaba yake huku Lina akichezesha midomo. Lina anataka binti huyo afichwe maisha, asitajwe popote. Mwishoni pazia linavutwa, ukumbi mzima unamwona Kathy, na Don Lockwood, staa mwenzake Lina, anawatangazia watu kwamba huyo ndiye mwenye sauti waliyoipenda usiku ule. Watazamaji tunafuta machozi, tunasema haki imetendeka.

Haki ya nani? Ule wimbo "Would You?" ambao Kathy anaonekana akiuimba kwa ajili ya Lina, sauti si ya Debbie Reynolds, aliyeigiza kama Kathy. Ni ya Betty Noyes! Na pazia likishafunguliwa, mwenye sauti akishatangazwa, unakuja "You Are My Lucky Star", na humo pia sauti ya Kathy ni Noyes. Haya, tafuta jina lake kwenye orodha ya majina ya waliohusika na filamu. Halipo. Filamu ambayo kisa chake kizima ni mwanamke kunyang'anywa sauti yake!

Tena pale Kathy anapomsemea Lina maneno, ile sauti laini ya kistaarabu ni ya Jean Hagen mwenyewe, aliyeigiza kama Lina. Hagen walau jina lake liliandikwa na akateuliwa kuwania Oscar. Noyes ndiye aliyeimba "Baby Mine" kwenye filamu ya katuni ya Dumbo mwaka 1941, na huko nako hakutajwa.

Debbie simlaumu hata kidogo. Alikuwa na miaka 19, hakuwa mcheza dansi, na "Good Morning" ilimtoa damu miguuni. Lawama ni za MGM, studio iliyoitengeneza filamu.

Najua kuna watakaokuja kusema ndiyo ilikuwa desturi ya studio enzi hizo. Ni kweli. Marni Nixon alimwimbia Deborah Kerr kwenye The King and I, Natalie Wood kwenye West Side Story, Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady, na filamu zote tatu zilitoka bila jina lake. Sasa dhuluma ikiwapata wengi inakuwa halali? Hizo nyingine angalau hazikutuhubiria. Hii iliandikwa na watu waliojua kabisa kitendo hicho ni ubaya, wakampa Lina aibu yake hadharani, halafu studio ikafanya kilekile alichokifanya Lina.

Mwaka 2022 ilitolewa upya kwa 4K, picha imesafishwa, kila tone la mvua unaliona. Wenye haki za filamu hiyo, toleo lijalo ongezeni mstari mmoja: Betty Noyes, sauti ya Kathy Selden kwenye "Would You?" na "You Are My Lucky Star". Na nyie mnaosifia "sauti ya Debbie" kwenye nyimbo hizo mbili, mtajeni aliyeimba.