Tupeane uzoefu: raketi mpya ya mpira wa vinyoya, unaichaguaje ikuendane na mchezo wako?

Kinyoya_Chepesi
Wakuu, habari za jioni. Maduka ya michezo siku hizi yamejaa raketi za kila rangi, na muuzaji ukimuuliza ana jibu moja tu: "Hii ndiyo anayotumia bingwa." Tusaidiane. Anayesimama nyuma kwenye dabo (wawili kwa wawili), anayeshinda kwenye neti, mcheza singo (mmoja kwa mmoja) na anayeanza, kila mmoja aangalie nini kabla ya kutoa hela? Mwageni vitu.

Fundi_Nyuzi
Aanze kusoma maandishi madogo pale kwenye koni, shafti (ule mti mwembamba wa raketi) inapoingia kwenye mshikio. Kwa raketi za kampuni ya Yonex utakuta kitu kama 4U G5. Hiyo U ni uzito wa raketi tupu, bila nyuzi: 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84, 5U ni 75 hadi 79. Namba ikipanda uzito unashuka, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. G ni unene wa mshikio, nayo inakwenda kinyume vilevile: G4 ni nene kuliko G5. Ukibaki njia panda chukua nyembamba. Mshikio mwembamba unaunenepesha kwa gripi ya kuzungushia, mnene huwezi kuuchonga.

Baada ya hapo pima balansi, yaani uzito umeegemea kichwani au mkononi. Ilaze raketi juu ya kalamu ya mviringo, isogeze mpaka isimame bila kuegemea upande, kisha pima kwa rula kutoka kitako cha mshikio. Raketi tupu ikisimama chini ya milimita 285, kichwa ni chepesi. Kati ya 285 na 295 ni ya katikati. Ikizidi 295, kichwa kizito.

Mzee_wa_Bekhendi
Kweli tupu. Muuzaji akikataa usiiguse raketi, toka hapo.

Smashi_Mpasuko
Mambo ya rula ni kupoteza muda, mkuu. Mtu wa nyuma achukue kichwa kizito, basi. Kila kampuni ina familia yake: Astrox kwa Yonex, Thruster kwa Victor, Axforce kwa Li-Ning. Uzito ukikaa kichwani kinyoya kinashuka kama jiwe. Kichwa chepesi waachieni wanaopiga pole pole.

Dada_wa_Neti
@Smashi_Mpasuko wanaopiga pole pole ndio hao wanaokurudishia smashi yako (ule mpigo wa nguvu wa kushusha) miguuni kabla hujasimama sawa. Kwenye dabo pointi nyingi zinaamuliwa na draivu (mipigo bapa ya kasi) na ulinzi, si smashi ya kwanza. Raketi ya kichwa kizito inachelewa kugeuka kutoka fohendi kwenda bekhendi, kwa hiyo kinyoya cha kifuani kinakukuta bado umeshika upande mwingine. Anayekaa mbele atafute familia nyepesi kichwani kama Nanoflare, Auraspeed au Bladex, 4U au 5U. Anayezunguka mbele na nyuma achukue ya katikati kama Arcsaber.

Na hata ndani ya Astrox zenyewe wamegawa: 88D ya mtu wa nyuma, 88S ya mtu wa mbele. Kwa hiyo "Astrox basi" si jibu.

Smashi_Mpasuko
Dada umekuja na hasira leo 😂

Dada_wa_Neti
Nimekuja na raketi nyepesi.

Kocha_wa_Jioni
Mnabishana kichwa, shafti mmeisahau, na ndiyo inayowaumiza wengi. Raketi inapoanza kwenda mbele, shafti inapinda kidogo kurudi nyuma, halafu inafyatuka kujinyoosha karibu na kinyoya. Mpigo wako ukiwa wa taratibu na shafti ngumu, haipindi kabisa, kazi yote inabebwa na bega na kiwiko. Mpigo ukiwa wa kasi na shafti laini, kichwa kinachelewa kufika, kinyoya kinaenda pembeni ya ulipolenga.

Jipime hivi. Simama mstari wa nyuma, piga klia 10 (mipigo ya juu ya kukipeleka kinyoya nyuma kabisa) kwa mpigo wako wa kawaida, si kwa kukomoa. Zikifika mstari wa nyuma wa upande wa pili 7 au 8 bila kukunja uso, shafti ya wastani inakutosha na ngumu unaweza kuijaribu. Zikiishia katikati, chukua laini. Zikiishia katikati hata kwa laini, hapo hununui raketi, unatafuta mwalimu wa kukufundisha kuzungusha mkono.

Viktor Axelsen alitwaa dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris, na alitumia Astrox 100 ZZ, shafti yake ni ngumu kupindukia. Yule ana urefu wa mita 1.94 na mchezo ulikuwa kazi yake ya kila siku. Wewe unacheza Jumanne na Alhamisi baada ya ofisi.

Mzee_wa_Bekhendi
Hapo kwenye ofisi umetusema wote.

Gripi_Tatu
Mbona rahisi? Kama kichwa ni kizito mno, zungushia gripi ya pili, balansi inarudi chini. Hakuna haja ya kununua nyingine.

Fundi_Nyuzi
@Gripi_Tatu hesabu yako ni nusu. Raketi yenye gramu 90 na balansi ya milimita 295, ukiongeza gripi ya gramu 5 pale mkononi, balansi inashuka kama milimita 10. Kwa rula umeshinda. Lakini uzito huo umekaa ndani ya kiganja, hauzunguki na kichwa, kwa hiyo mkono bado unazungusha kichwa kilekile. Raketi imezidi uzito, wepesi hujapata. Kinyume chake, bandika utepe wa madini ya risasi wa gramu 2 juu kabisa ya fremu, balansi inapanda milimita 7 au 8 na kila mpigo utauhisi. Gramu ya juu na gramu ya chini si ndugu.

Gripi_Tatu
Lakini inasaidia.

Fundi_Nyuzi
Inasaidia kiganja kisichojaa mshikio. Kichwa haikigusi.

Court_Namba_3
Nyuzi nazo? Naona watu wanazikaza kwa paundi 28 wanajisifu.

Kocha_wa_Jioni
Anayeanza 20 hadi 22. Aliyezoea 23 hadi 25. Zaidi ya 26 awe mtu anayekipiga kinyoya katikati ya nyuzi karibu kila mara, maana paundi zikipanda ile sehemu tamu ya katikati inasinyaa. Ukikosea kidogo, kinyoya hakiendi na mtikisiko wote unaingia kiwikoni.

Smashi_Mpasuko
24 ni ya kuanikia nguo. Anza na 27, mkono utazoea.

Kocha_wa_Jioni
Kiwiko hakizoei, kinavimba.

Fundi_Nyuzi
Mkumbuke nyuzi mpya hulegea ndani ya siku ya kwanza, mara nyingi kama sehemu moja ya kumi. Ukivuta 25, kesho yake una kama 22 na nusu. Kwa uzi wenyewe, tuchukue wa Yonex: BG65 una unene wa milimita 0.70, unadumu, unafaa anayeanza na anayebana matumizi. BG80 ni 0.68, mkavu, unaupenda mtu wa smashi. BG66 Ultimax ni 0.65, unalia vizuri na kurusha vizuri, ila mpigo mmoja wa pembeni mwa fremu unaukata. Anayekata nyuzi kila wiki asilaumu uzi, aangalie kwanza vibomba vya plastiki kwenye matundu ya fremu. Kikipasuka kimoja, ukingo wa kaboni unausaga uzi palepale kila unapofungwa upya.

Na tafadhali, msizidishe paundi zilizoandikwa kwenye raketi. Kuna watu wanaona ile namba kama ushauri wa mama mkwe.

Court_Namba_3
Ukizidisha inakuwaje?

Fundi_Nyuzi
Inakuwa hivi. Raketi imebanwa mashineni. Nyuzi 22 za urefu zimeshavutwa paundi 29 kwenye fremu iliyoandikwa mwisho 26. Za kukingama bado. Kwa dakika hizo fremu inaonewa upande mmoja: nyuzi za urefu zinakivuta kilele kishuke kuelekea shafti, na mbavu zinatanuka kwenda nje. Kinachozishikilia mbavu ni mikono ya pembeni ya mashine tu. Kama imelegea, au mashine ni ile ya bei rahisi inayoshika juu na chini peke yake, fremu imeachiwa mzigo wote.

Kwanza unasikika mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inavunjika. Fundi mzoefu anaacha kila kitu, anatafuta ufa. Asiye mzoefu anadhani uzi umejiseti, anavuta wa kukingama unaofuata. Mlio wa pili ni wa mbao kavu. Kichwa kinaingia ndani upande mmoja, nyuzi zote zinalegea kwa mpigo, na kaboni inachomoza kwenye rangi kama mfupa. Hapo hakuna gundi wala fundi. Mwenye raketi kasimama mlangoni, kashika soda.

Na mara nyingi ugonjwa haukuanzia mashineni. Ulianzia uwanjani, raketi mbili za dabo zilipogongana kwenye kinyoya cha katikati. Tazameni fremu kama uso wa saa ya ukutani: namba 10 na namba 2 ndipo zinapoumia.

Mzee_wa_Bekhendi
Yaani saa nne na saa nane.

Fundi_Nyuzi
Haya mzee, saa nne na saa nane. Pitisha ukucha pale palipochubuka. Ukiteleza ni rangi. Ukikwama kwenye mstari, ni ufa, na raketi hiyo haivutwi paundi yoyote.

Dada_wa_Neti
Kaka umenitisha, nimeenda kupitisha ukucha zote nne.

Court_Namba_3
Na uzi ukikatika katikati ya mechi?

Fundi_Nyuzi
Zikate zote hapohapo. Anzia katikati, kata wa urefu, kata wa kukingama, endelea kwa zamu kuelekea nje. Ukiacha zilizobaki zimekaza, fremu inavutwa kombo usiku kucha. Na ukivuta upya, wa kukingama uzidishwe paundi 1 hadi 2 juu ya wa urefu ili kichwa kirudi umbo lake.

Smashi_Mpasuko
Paundi 1 haina maana yoyote.

Fundi_Nyuzi
Lete raketi yako tuone.

Kinyoya_Chepesi
Wakuu, mada ilikuwa KUCHAGUA. Mmehamia msibani.

Upepo_wa_Nairobi
Niseme moja la huku juu. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, kinyoya kinakimbia. Mtu akija kutoka Mombasa anatoa kila klia nje, analaumu raketi, ananunua ngumu zaidi. Apime kinyoya kwanza: piga kutoka chini kwa nguvu zote ukiwa mstari wa nyuma, kuelekea juu na sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kiangukie kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa pili. Kikizidi hapo, badilisha kinyoya, raketi haina kosa. Kwa vya nailoni, Mavis yenye utepe wa kijani ndiyo ya taratibu, bluu ya wastani, nyekundu ya kasi.

Joto_la_Muscat
Na huku joto ndilo adui. Usiiache raketi ndani ya gari mchana, nyuzi zinakufa kimyakimya.

Mzee_wa_Bekhendi
Feki mmezisahau.

Dada_wa_Neti
Feki: peleka mizani ya jikoni dukani. Imeandikwa 4U na bila nyuzi inasoma gramu 93, irudishe kwenye ndoano. Linganisha pia namba za mfululizo. Raketi tatu zenye namba moja si mapacha watatu. Na kwa bei ya chini kabisa, angalia pale fremu inapokutana na shafti. Ukiona kiungo cha chuma chenye umbo la T, hiyo ni ya watoto kuchezea uani, hata kama imeandikwa kaboni kwa herufi kubwa.

Kocha_wa_Jioni
@Kinyoya_Chepesi kwa vile umechoka na msiba: taja unasimama wapi uwanjani, klia zako zinafika wapi, na kiwiko kina historia gani.

Kinyoya_Chepesi
Dabo, mbele zaidi. Klia 10, zinafika 5. Kiwiko kizima.

Kocha_wa_Jioni
4U, G5, balansi kati ya 285 na 290, shafti laini au ya wastani, BG65 paundi 22.

Smashi_Mpasuko
3U, kichwa kizito, 27.

Dada_wa_Neti
5U.

Gripi_Tatu
Yoyote kati ya hizo, ila uongeze gripi.