Tupeane uzoefu: nini kilikufanya umwamini askari, au uache kumwamini?

Wakuu, naanza mimi. Niliwahi kwenda kituoni kuwataja vijana waliokuwa wakivunja nyumba za majirani. Nilizungumza na askari mmoja tu, mlango umefungwa. Jioni ile ile mmoja wao akanisimamisha njiani: "Tumesikia ulipita kule." Sikupata usingizi. Tangu siku hiyo nikiona jambo nashusha pazia, na roho inaniuma, maana majirani wanaendelea kuibiwa. Sasa kaletwa askari mpya wa eneo letu, anaomba namba zetu za simu. Waliowahi kurudisha imani, ilikuwaje?

Mama wa watatu:
Pole sana, ndugu yangu. Kwetu alikuja askari wa kike, na mwezi mzima hakuuliza habari za mhalifu yeyote. Alipita kwa miguu, akasalimia, akauliza taa zipi za njiani haziwaki. Baadaye mwanangu aliporwa simu. Haikupatikana hadi leo, lakini yule dada alirudi mara tatu kunieleza upelelezi umefika wapi. Kule kurudi ndiko kulikonigusa. Nilishazoea kuandikisha maelezo halafu kimya.

Kijana wa bodaboda:
Mimi nilipekuliwa mara nne kwa wiki moja bila kuambiwa kosa. Wa tano alinieleza wanamtafuta nani na kwa nini nimefanana naye. Huyo ndiye niliyempigia nilipoona pikipiki ya wizi.

Askari mstaafu:
Aliyetoa jina lako alikukosea wewe na akaikosea kazi. Siri ya mtoa taarifa haisemwi hata kwa mwenzako wa zamu, ila kwa anayelazimika kuijua. Japani wana vituo vidogo vya mtaani, koban, na askari wake hupita nyumba kwa nyumba kujuana na wakazi kabla tatizo halijatokea. Kinachoumiza sehemu nyingi ni uhamisho: watu wakishakuzoea, unapelekwa kwingine, anayekuja anaanza na sifuri. Kwa hiyo usimpe huyo mpya imani yote kwa mkupuo. Anza na jambo dogo lisilokuhatarisha, uone analifanyia nini.

Mwanzisha mada:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nitaanza na ile kona yenye giza ambako watu wanaporwa. Namba nitampa, ila kwanza nitamuuliza jina langu ataliandika wapi, na nani mwingine atalisoma.