Chembe nano za magnetaiti: TEM, DLS, VSM au SQUID?

Mchanga_Mweusi: Wakuu, habari za mihangaiko. Nina chembe nano za magnetaiti (oksidi ya chuma yenye usumaku), nataka kujua ukubwa na nguvu ya usumaku. Hela inatosha vipimo viwili tu, na nalipia wiki hii. Nichukue vipi?

Kipimapembe: Mkuu, za kazi gani? Ziko kwenye maji au ni unga mkavu? Umezipaka nini? Bila hayo tunapiga ramli.

Mchanga_Mweusi: Za kutoa floraidi kwenye maji ya kisima. Ni unga.

Mama_Maabara: TEM kwanza, ile hadubini ya elektroni. DLS, ile ya kumulika leza majini, inapima chembe pamoja na koti lake na maji inayoyaburuta. Tena donge moja la nanometa (nm) 100 hutawanya mwanga sawa na chembe milioni moja za nm 10, kwa hiyo madonge machache yanameza jibu lote.

Fundi_Heliamu: Halafu SQUID, kipima usumaku cha baridi kali. Poza bila uga wa sumaku, kisha poza ndani ya uga, uone halijoto ambayo mistari miwili ya grafu inaachana.

Mama_Maabara: Fundi na SQUID yako! Heliamu ya kupozea atalipia nani? Mwenzio anasafisha maji. VSM ya joto la chumbani, inayopima usumaku kwa kutikisa sampuli, inatosha.

Mwana_Ziwa: VSM sawa, ila wabane hao wa maabara. Mimi nilituma unga maabara moja ya nje, nikalipa kwa dola, nikasubiri mpaka nikaanza kumkwepa msimamizi wangu. Faili likaja na safu mbili: uga na emu (kizio cha usumaku). Uzito wa sampuli haupo! Sasa emu kwa gramu utaipataje? Kuwaandikia, wananijibu sampuli ilishatupwa. Na mstari kwenye uga mkubwa unainamia chini, maana kishikizi cha plastiki hakikutolewa hesabuni. Dai miligramu kwa maandishi, na kipimo cha kishikizi kitupu.

Fundi_Heliamu: Ukipata emu 60 kwa gramu usilie. Magnetaiti ya kawaida ni kama emu 92 kwa gramu, chembe ndogo hushuka.

Mama_Maabara: Au ni koti. Asidi ya oleiki, ile mafuta ya kupakia chembe, inapimwa kwenye mizani lakini haivutwi na sumaku.

Kipimapembe: Au imeshakuwa maghemaiti, yaani magnetaiti iliyoliwa na oksijeni. XRD, kile kipimo cha eksirei, itakuchanganya, vilele vya grafu zao karibu vinalaliana. Rangi ikoje?

Mchanga_Mweusi: Juu kahawia, chini nyeusi.

Kipimapembe: Basi hewa imeshaingia. Usilipe bado.

Fundi_Heliamu: Maghemaiti nayo inavutwa vizuri tu, kwa kisima haina shida. Mössbauer, kile kipimo cha miale ya gamma, ndiyo ingemaliza ubishi.

Mama_Maabara: Kipimo cha sita hicho, na mtu ana hela ya viwili!

Mchanga_Mweusi: Aliyewahi kutuma unga nje, forodhani wanataka karatasi gani?