Wauza vifaa vya muziki, acheni kutuambia pikapu za gitaa zimekufa wakati mmetuuzia miksa isiyo na tundu la gitaa

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika kwa ukali.

Nilienda duka moja la vifaa vya muziki Kariakoo, nikaeleza shida yangu waziwazi: nataka kurekodi gitaa la umeme nyumbani, nichomeke moja kwa moja, sina ampu (kikuza sauti cha gitaa), je, hii miksa ndogo ya USB itafaa? Nikajibiwa, "Bosi wangu, hiyo ndiyo yenyewe, chukua." Nikalipa. Kufika nyumbani nachomeka jeki kwenye tundu la LINE, napiga solo kwa nguvu, kinachowaka ni kile kitaa cha kijani cha chini kabisa kwenye kipimo cha sauti, tena kwa kupepesa. Nikipandisha geni (kile kirungu cha kukuza sauti inayoingia) hadi mwisho, kinachojaa ni shhhh, na gitaa liko huko chini limefubaa, waya wa kwanza hausikiki ukali wake kabisa.

Nimerudi dukani. Jamaa hata gitaa hajaligusa, ananiambia pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zimekufa, ninunue nyingine, na anazo palepale. Nilipodai hela yangu akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Pikapu zangu ni nzima! Gitaa hilihili Jumapili linapigwa kwenye ampu ya kanisani, na tunaambiwa tupunguze sauti.

Nieleze tatizo lilipo, ili mwingine asiibiwe. Pikapu ya kawaida isiyotumia betri ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Ukiipima kwa mita utaona omu 8,000 hivi, lakini kwenye sauti za juu ukinzani wake unapanda hata kupita omu 100,000. Tundu la LINE limetengenezwa kwa ajili ya kinanda na redio, na ukinzani wake mara nyingi ni omu 10,000 tu. Sauti inagawanyika kati ya pikapu na tundu kulingana na ukinzani wa kila kimoja, na miksa inapata fungu la tundu tu. Sasa pigeni hesabu. Kwenye besi, 10,000 kwa jumla ya 18,000: karibu nusu ya sauti imeshapotea kabla geni haijaguswa. Kwenye sauti za juu, 10,000 kwa 110,000: inabaki chini ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana gitaa linatoka dogo na limefubaa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana kuongeza geni hakusaidii, maana unakuza mabaki pamoja na makelele. Wanaokuuzia adapta ya kuingiza gitaa kwenye tundu la maiki wanakuharibia zaidi, kwa sababu huko ni omu 2,000 au 3,000.

Gitaa linahitaji tundu la omu milioni moja hivi. Limeandikwa Hi-Z au INST, au limechorwa kigitaa, na kwenye mashine nyingine kuna kitufe cha kubonyeza, usipokibonyeza tundu linabaki kuwa LINE. Muuzaji anayeshinda na vifaa hivi kutwa nzima ashindwe kunionyesha hilo? Kazi ya sekunde chache!

Kwa aliyekwama kama mimi, usinunue pikapu. Tafuta DI boksi (kiboksi kinachobadilisha sauti ya gitaa ifae tundu la maiki), gitaa liingie humo, kisha waya wa XLR (ule wa maiki wenye pini tatu) uende kwenye tundu la maiki, siyo LINE, kwa sababu DI inashusha sauti na lile tundu la maiki ndilo lenye nguvu ya kuipandisha. Au azima pedali yenye bafa ndani, yaani saketi inayopokea gitaa kwa ukinzani mkubwa na kulitoa kwa ukinzani mdogo. Mimi nimeazima pedali ya kutyuni gitaa ya Boss, TU-3, ambayo hata ikiwa imezimwa bafa yake inafanya kazi mradi ina umeme. Nimeiweka kati ya gitaa na ileile miksa ya dukani. Vitaa vimepanda, ule ukali wa waya wa kwanza umerudi, na geni iko katikati. Gitaa lilelile, pikapu zilezile "zilizokufa". Kama gitaa lako lina pikapu za betri, hayo ni mengine: badilisha kwanza betri ya volti 9, na usiache jeki imechomekwa usiku kucha, kwenye magitaa mengi jeki ndiyo swichi.

Na ninyi mnaomshauri kila anayeuliza kwamba lazima mawimbi ya sauti yajae skrini ya kompyuta wakati wa kurekodi, mnachangia watu kutapeliwa. Ukirekodi kwa biti 24, vilele vikifika desibeli 12 chini ya sifuri (sifuri ndiyo kikomo cha juu) vinatosha kabisa, sauti utaikuza baadaye bila hasara. Kijana anaona mawimbi membamba, anakimbilia dukani kununua priampu (kifaa cha kukuza sauti kabla ya kurekodi) ambayo haihitaji.

Turudi kwenye hela yangu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na mimi niliuliza kabla ya kulipa, nikajibiwa uongo. Maneno ya chini ya risiti hayawezi kufuta hilo. Risiti ya EFD ninayo, na rafiki niliyekuwa naye siku ile yuko tayari kusema alichosikia. Nataka kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Aliyewahi kufuatilia jambo kama hili pale, naomba anielekeze: ulianza na barua kwa muuzaji, au ulienda moja kwa moja?