"Krismasi ya kizamani" huku New England: nimepigwa changa la macho mimi na familia nzima

Wakuu habari za sikukuu. Shemeji yenu kaniambia niache kumlalamikia yeye nikalalamike kwa watu wangu, ndo nimekuja.

Kwa wasiojua, huku Marekani (mimi nipo New England, yale majimbo ya kaskazini mashariki) kuna vijiji vya makumbusho, chukulia kile cha kwetu pale Makumbusho Dar chenye nyumba za makabila, ila hawa wafanyakazi wanavaa nguo za enzi hizo kabisa, wanapika, wanafua chuma, wanachunga kondoo na wewe unapita unauliza maswali. Sasa kuna kimoja (jina nalihifadhi) kinaonyesha maisha ya mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakatangaza usiku wa Krismasi kama walivyoila mababu. Tiketi dola 38 mtu mzima, dogo wa miaka sita dola 20, tukavaa majaketi tukaenda.

Getini tu, mti mkubwa umejaa taa za umeme, Santa wa suti nyekundu kakaa kwenye kiti, spika inapiga Jingle Bells. Wakuu!! Jingle Bells imetoka 1857. Yule Santa wa tumbo na ndevu alianza kuchorwa na mchora katuni Thomas Nast 1863 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mti nao, Wamarekani wengi waliuchangamkia baada ya gazeti la London kutoa picha ya Malkia Victoria na familia yake wamezunguka mti mwaka 1848, jarida la huku likaidurufu 1850. Sasa mababu gani hao wa mwanzoni mwa 1800?

Na linaloniuma zaidi, New England ndo sehemu ambayo Krismasi ilikuwa haitakiwi! Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali) wa Massachusetts, ambayo leo ni jimbo mojawapo la huku, walitunga sheria 1659, ukikamatwa unasherehekea, iwe umeacha kazi au umefanya karamu, faini shilingi 5 (ndiyo, shilingi), mpaka 1681 ndo ikafutwa, na hata baada ya hapo watu wengi waliendelea kuipuuza miaka na miaka. Sikukuu yao kubwa ilikuwa Thanksgiving, ile siku ya kutoa shukrani. Hiyo ndo stori tamu sasa, mtu anayepasua kuni tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote, ningelipa hata dola 50 kuiona. Wao wameificha.

Foleni ya Santa dakika hamsini kwenye baridi, dogo analia miguu imekufa ganzi. Chokoleti ya moto dola 6, kikombe cha karatasi. Kuchovya mshumaa dola 5 nyingine. Ile kazi ilivyo unachovya utambi kwenye nta, unatoa, unaacha ugande, unachovya tena, mara nyingi mpaka unenepe, sisi tukaambiwa mara tatu tu maana watu ni wengi. Mshumaa wa mwanangu umetoka kama tambi. Umekatikia kwenye gari.

Kitu pekee cha maana nilikikuta kwa bahati, jiko la nyumba moja kule mwisho, hakuna watu kabisa. Bibi mmoja kavaa kofia ya kitambaa, anaandaa oveni ya matofali. Alishachoma kuni humo ndani muda mrefu, akakokota makaa yote nje, akafagia, halafu akachomeka mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko akaanza kuhesabu taratibu, anasema ukishindwa kuvumilia mapema bado ni moto mno, mkate utaungua. Dogo akanyamaza kimya, mara ya kwanza usiku ule. Nikamuuliza bibi, hivi nyie wa enzi hizo mlikuwa mnakula Krismasi kweli? Akachungulia mlangoni kwanza (haki ya Mungu alichungulia), akasema "mimi leo ningekuwa nafua nguo."

Sasa ile tunasubiri mkate uingie, kijana mwenye redio ya upepo akaja kufunga jiko, eti wote tuelekee uwanjani kwenye shoo ya taa. Saa moja na nusu! Tangazo linasema mpaka saa tatu. Bibi wa watu kabaki na unga wake mezani.

Nimewaandikia imeili ndefu, nimewawekea na hiyo miaka yote. Majibu yamekuja leo: pole kwa usumbufu, hii hapa kuponi ya punguzo asilimia 10 kwenye duka letu la zawadi. Duka lenyewe linauza Santa wa plastiki.

Wadau mliopo huku, kuna anayejua kijiji ambacho oveni inawashwa mchana kweupe siku za kawaida? Dogo kila siku ananiuliza ule mkate uliiva au haukuiva.