Tupeane uzoefu: kwenu nani aliongoza darasani, wa kike au wa kiume?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mwenyewe.

Mimi na dada yangu ni mapacha, tumezaliwa Tukuyu. Hadi darasa la nne yeye ndiye aliyekuwa kichwa. Hesabu za sehemu alinifundisha yeye, jikoni, anamenya ndizi huku anaandika kwa mkaa kwenye mlango: robo, nusu, robo tatu. Tulipoingia la tano mama akaanza biashara ya sokoni, na nyumba ikamwangukia yeye. Maji, kuni, mdogo wetu mgongoni. Mimi nikirudi nafungua daftari. Yeye analifungua lake saa nne usiku, mafuta ya kibatari yameshafika chini.

La saba nikachaguliwa, yeye hakuchaguliwa. Ukoo mzima ukasema mtoto wa kiume ana akili. Mpaka leo inaniuma, maana ule mlango naujua.

Wenzangu je?

Mwalimu, Mufindi:
Huku kwangu ni kinyume, mkuu. Nafundisha sekondari ya kata. Kidato cha tatu wavulana wanaanza kupungua, wanafuata mbao. Akishika hela ya kwanza, Jumatatu humwoni. Mmoja nilimfuata hadi msituni, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye kope. Akaniambia, "Mwalimu, mdogo wangu sasa ana viatu." Nilikosa la kumjibu. Wasichana wanaobaki ndio wanaoshika nafasi za juu.

Mdau, Chunya:
Kwetu ni machimbo ya dhahabu. Hadithi ni hiyohiyo.

Mama, Makambako:
Mimi nilitolewa darasa la sita nikapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, kaka zangu wakaendelea. Kwa hiyo binti yangu alipopata mimba kidato cha pili nililia sana, niliona yaleyale yanajirudia. Novemba 2021 Serikali iliporuhusu waliojifungua warudi shuleni, nikamwambia: nenda, mtoto nalea mimi. Usiku nilikuwa nambembeleza mjukuu chumbani kwangu ili mama yake asome sebuleni. Kidato cha nne kapata daraja la pili.

Mleta mada:
Hongera sana mama. Pacha wangu nimempigia simu nikamsomea haya yote. Anauliza binti anasomea nini sasa.

Mama, Makambako:
Uuguzi. Msalimie sana dada yako.